Mmekosana Kwenye Jumuiya? Namna ya Kulimaliza Jambo Kabla Halijaota Mizizi

Swali linalorudi kila mara, iwe nje ya kanisa baada ya ibada au kwenye simu usiku, ni hili: "Nimekosana na mwenzangu wa jumuiya, nifanyeje? Nimeomba, nimefunga, lakini nikimwona tu moyo unanidunda." Wengine huuliza kwa njia nyingine. Niache kwaya? Nihame usharika? Nimwambie mchungaji? Na mara nyingi anayeuliza amepewa uongozi juzi tu: mweka hazina mpya, mzee wa kanisa aliyechaguliwa mwaka huu, katibu wa jumuiya. Kakabidhiwa daftari na muhuri, lakini hakuna aliyemfundisha afanye nini watu wawili wanapoacha kusalimiana.

Naandika nikiwa Moshi, kwa hiyo mifano ni ya huku: jumuiya inayosali nyumba kwa nyumba Pasua au Majengo, mtaa wa usharika kule Machame, kigango cha Kibosho. Ukiwa Ngarenaro au Usa River, badilisha majina ya mahali, mengine yatabaki yalivyo.

Ninachokiamini, na ndicho kilichobeba hatua zote hapa chini, ni kwamba mtu hawezi kusamehe jeraha ambalo hajakubali kuwa analo. Jumuiya zetu zina haraka ya kufika kwenye "basi, yaishe". Watu wanashikishwa mikono, wimbo unaimbwa, chai inanyweka, na wiki ya tatu mmoja wao haonekani tena kwenye sala. Halikuisha. Lilifunikwa.

Kwanza hakikisha: jambo lako ni la kupatanishwa?

Mwongozo huu ni wa ugomvi: maneno, michango, vyeo, kwaya, umbea, kusahauliwa kwenye msiba. Uhalifu haumo. Mtu akipigwa, akibakwa, mtoto akichezewa, au mtu akitishiwa maisha, usiitishe kikao cha upatanisho. Nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa jambo la mtoto unaweza pia kupiga 116, ni bure. Aliyebakwa awahishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya muda huo, na mapema ndiyo bora. Kazi ya kanisa hapo ni kumsindikiza aliyeumizwa. Anayemwambia "tulimalize nyumbani tusilitie kanisa aibu" anamuumiza mara ya pili, hata akiwa na Biblia mkononi.

Mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) nao una njia yake: wazee wa ukoo, Baraza la Kata (ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, halitoi hukumu), kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jumuiya inaweza kusaidia ndugu hao waendelee kusalimiana wakati shauri likienda. Isijaribu kupima mipaka.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Karatasi yenyewe utaichana mwishoni, kwa hiyo usitumie daftari la jumuiya.
- Msiri mmoja aliye nje ya jumuiya yenu. Mmoja, siyo watatu. Asiwe ndugu wa mtu mliyekosana naye, na awe mtu anayeweza kukuambia "hapo na wewe ulikosea".
- Kama kuna fedha ndani yake: risiti, ujumbe wa muamala kwenye simu, au nakala ya ukurasa wa michango.
- Mathayo 18:15-17. Isome mwenyewe mpaka uishike mfuatano wake, kwa sababu wengi wanauanzia mwisho.
- Siku mbili tatu za kutulia. Zikifika wiki mbili umeshaanza kukwepa.

Hatua kwa hatua

1. Tuliza mwili kwanza.
Eliya alipokimbilia nyikani akiomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kwa hiyo kula, lala, nenda shambani au tembea. Usijibu chochote kwenye grupu la WhatsApp usiku huo. Kama umeshaandika, futa kabla hujatuma. Kama umeshatuma, acha hapo hapo, usiongeze la pili kufafanua la kwanza.

2. Andika kilichotokea, kisha andika kilichokuuma.
Gawa karatasi mara mbili. Kushoto andika yale ambayo hata mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma angeyaona au kuyasikia. Kulia andika yaliyo ndani yako.

Tuseme mambo ni haya. Alhamisi jumuiyani, mweka hazina alisoma majina ya wasiotoa mchango wa msiba, na lako likatajwa wakati ulishatuma tangu Jumatatu. Kushoto utaandika: "Alisoma majina saba. Langu lilikuwa la pili. Nilituma Jumatatu jioni, ujumbe ninao." Basi. "Alinidhalilisha makusudi kwa sababu hanipendi tangu uchaguzi" haiingii kushoto, maana moyo wake hujauona. Kulia sasa uwe mkweli: "Niliona aibu. Mama mkwe alikuwepo. Nilijiona kama mwizi. Nina hasira, na pia naogopa watu wataamini."

Watu wengi wanakwama upande wa kulia. Tumelelewa kuamini kwamba Mkristo mzuri hakasiriki, na mwanaume ndiyo kabisa, akisema "niliumia" anaona kajivua nguo. Soma Zaburi ya 55. Mwenye kulia pale hasemi habari za adui. Anamlilia Mungu juu ya rafiki, mtu waliyekuwa wakienda naye pamoja nyumbani kwa Mungu. Kama hayo yaliweza kuandikwa na kuimbwa, na wewe unaweza kuyaandika kwenye karatasi yako. Paulo kwa Waefeso (4:26) hasemi usione hasira. Anaonya tu usitende dhambi, wala usilale nayo.

3. Amua unataka nini.
Sentensi moja. "Nataka asahihishe mbele ya jumuiya." "Nataka kujua kwa nini sikuambiwa ratiba imebadilika." Ukigundua unachotaka ni yeye aumie kama ulivyoumia wewe, hujawa tayari, rudi kwa msiri wako, ongea naye tena. Hakuna aibu katika hilo, ila usibebe hali hiyo kwenda nayo kwa mtu.

4. Mwendee, peke yako, ana kwa ana.
Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona ndiyo kiini cha kazi yote. Ugomvi ambao ungeisha kwenye veranda moja unafika kwa paroko ukiwa na pande mbili, mashahidi na jina.

Chagua saa. Isiwe Jumapili nje ya kanisa wakati mnada wa ndizi na mbuzi unaendelea na watu wote wanawatazama. Isiwe sokoni Mbuyuni au Kiborloni akiwa anauza. Na kama unaweza, epuka wiki ya Krismasi: nyumba zimejaa waliopanda kutoka Dar, na la watu wawili linageuka kuwa la koo mbili. Jioni ya katikati ya wiki inafaa. Mpigie umwambie unakuja, usimtumie neno la kumtisha kama "tuna mazungumzo mazito". Ikiwa ni mwanaume na mke wa mtu, kaeni barazani mnapoonekana lakini hamsikiki.

Ukifika, salimia kama inavyostahili. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo itoke kamili, hata kama imekwama wiki nzima. Kubali chai. Kisha useme jambo bila kuzunguka sana:

"Mama Fulani, nimekuja kwa lile la Alhamisi. Uliposoma majina, langu lilitajwa, nami nilikuwa nimetuma tangu Jumatatu. Niliona aibu sana mbele ya watu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikukwepa. Nimeona nije mwenyewe nisikie kwako ilikuwaje."

Angalia maneno hayo yalivyopangwa. Umetaja kitu kimoja, cha siku moja. Umesema ulivyoumia bila kumwita jina baya. Umekiri kwamba umemkwepa, naye alikuwa ameshaona. Na umemwachia nafasi ya kusema.

Maneno ya kuacha nyumbani: "Wewe siku zote…" "Watu wote wanasema…" "Hata mchungaji anajua…" Na lililo baya kuliko hayo, "Mungu amenionyesha kwamba wewe…" Ukimweka Mungu upande wako kabla mtu hajafungua mdomo, umemfungia mlango wa kujibu.

5. Nyamaza usikilize.
Jiandae, kwa sababu mara nyingi na yeye ana lake. Atakaa kimya kidogo, atasogeza kikombe, kisha atasema: "Na wewe mwezi wa sita ulisema mbele ya wenzangu kwamba hesabu zangu hazieleweki." Hukujua kama lilimkaa. Hapo usijitetee. Rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo tangu mwezi wa sita umekuwa ukiona nakudharau." Akisema "ndiyo", umefika mahali ambapo vikao vitatu vya kamati visingekufikisha. Kama ulikosea, omba radhi kwa kosa lenyewe. "Kama nimekukwaza, nisamehe" haijakubali kitu. "Nilikosea kusema vile mbele ya watu" imekubali.

6. Kubalianeni jambo linaloonekana, lenye siku.
Lililosemwa hadharani lisahihishwe hadharani, na pale pale lilipotokea. Alhamisi ijayo mweka hazina aseme mwenyewe kwamba mchango ulikuwa umefika. Kama ni fedha iliyokopwa, andikeni kiasi, awamu na tarehe, msaini wote wawili. Kuandikiana hakupunguzi upendo. Kisha ombeni pamoja, kwa kifupi. Sala ifunge makubaliano, isiyachukulie nafasi. Wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6), mitume hawakuishia kusema tuombe: waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia jambo hilo.

Ukifika nyumbani, chana ile karatasi.

7. Ikishindikana, chukua mmoja au wawili.
Chagua watu ambao yeye angewaheshimu. Siyo washabiki wako. Waambie mapema kwamba wanakuja kusikia pande zote, na usiwape hadithi nzima njiani. Wazee wetu wa Kichagga walilijua hili muda mrefu: mwenye kosa aliyepeleka jani la isale, alama ya kuomba msamaha, mara nyingi kwa mkono wa mtu wa kati anayeheshimika, hakukataliwa msamaha kirahisi. Yule wa kati aliwapa wote wawili njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Mtafute mtu wa namna hiyo.

8. Sasa ndipo uongozi.
Panda ngazi kwa ngazi. Kwa Wakatoliki ni mwenyekiti wa jumuiya, kigango, kisha paroko. Kwa KKKT (Walutheri) ni mzee wa kanisa wa mtaa wako, mwinjilisti, kisha mchungaji na baraza la wazee. Kwa makanisa mengine uliza utaratibu kabla hujaanza. Peleka barua fupi, ukurasa mmoja: nini kilitokea, nini mmeshajaribu, unaomba nini. Barua ya kurasa sita haisomwi.

Kwa wanandoa, fahamuni kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi. Kwa hiyo kikao hicho kina uzito wa kisheria, kiandikwe vizuri. Ila kama ndani ya ndoa kuna kipigo, rudi kule juu kwenye sehemu ya kwanza.

Usisubiri mpaka pande zijitenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mgogoro wa dayosisi kule Meru uligawa sharika na familia, watu wakaumizana kabisa. Waliokuwa wakiimba kwaya moja walipita njia moja bila kutazamana.

9. Mkishapatana, rudini polepole.
Kusamehe kunaweza kuwa leo. Kumwamini tena mtu kunajengwa. Unaweza kumsamehe mweka hazina aliyekula fedha na bado jumuiya ikaamua asishike daftari. Hicho siyo kinyongo. Ninyi wawili anzeni na salamu, kisha kazi ndogo ya pamoja, kama kuosha vyombo kwenye msiba au kupanga viti. Mambo makubwa yatakuja yenyewe.

Ukiwa wewe ndiye mpatanishi

Msikilize kila mmoja peke yake kwanza, kwa muda ule ule. Usikae upande mmoja wa meza na mmoja wao. Kama ni ndugu yako, mdeni wako au wa kwaya yako, jitoe. Siku ya kikao, kila mmoja aseme bila kukatizwa, kisha kila mmoja aseme alichosikia kwa mwenzake kabla hajajibu. Akilia mtu, msimnyamazishe kwa wimbo, ngojeni amalize. Na yaliyosemwa humo yabaki humo. Kuyaeleza kwa mkeo au mumeo nayo ni kuyatoa.

Makosa yanayorudiwa sana

*Sala ya mafumbo.* "Bwana, waguse wale wenye ndimi mbili humu ndani." Kila mtu anajua anasemwa nani. Hayo ni matusi yaliyofungwa macho, na yanaumiza zaidi kwa sababu hayajibiki. Mahubiri ya mafumbo vilevile.

*Kulazimisha mikono.* Mtu akisema "bado sijawa tayari", mshukuru kwa ukweli wake na mpange siku nyingine.

*Kumwambia aliyeumia kwamba ana pepo la uchungu.* Huzuni ya mtu aliyedhalilishwa ni huzuni. Ikufanye umsogelee, isikupe sababu ya kumkemea pepo mbele ya watu.

*Kuhama kabla ya kuongea.* Utaenda na jambo lako mfukoni.

Ikikwama

*Hataki kuonana nami.* Mtumie ujumbe mmoja wa upole, subiri wiki, jaribu tena kupitia mtu mmoja anayemheshimu. Akikataa tena, endelea na hatua ya 7. Salamu yako isikatike hata yake ikikatika.

*Anakubali kikaoni, akitoka anarudia.* Hapo makubaliano yalikuwa ya maneno tu. Rudini muandike, na awepo wa tatu wa kufuatilia baada ya mwezi.

*Nimesamehe, lakini nikimwona moyo bado unadunda.* Haimaanishi ulidanganya. Mwili unachelewa kuliko uamuzi. Kaa benchi la mbali kwa muda, pumua taratibu, ongea na msiri wako. Kwa wengi hupungua kadiri wanavyokutana katika mambo madogo.

*Aliyenikosea ni mchungaji au padri.* Hatua ni zile zile, ila nenda na mtu mzima wa kukusindikiza hata mara ya kwanza ukiona unaogopa. Ngazi iliyo juu yake ipo, mkuu wa jimbo au ofisi ya askofu, na kuitumia siyo kumpinga Mungu. Paulo alimkabili Petro uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2:11).

*Mwezi sasa silali, sina hamu ya kula, nalia bila sababu.* Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi na kazi zikakushinda, nenda hospitali huku ukiendelea kuombewa. Moshi kuna KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. Waambie unahitaji huduma ya afya ya akili. Ukiona mwenzako anasema ni afadhali afe, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kunyunyizia kahawa na kamba nyumbani humo, na umpeleke siku hiyo hiyo.

*Tumejaribu yote, haikuwezekana.* Paulo na Barnaba waliachana kwa ugomvi mkali juu ya Marko (Matendo 15:39), kila mmoja akaenda njia yake, na miaka baadaye Paulo akaandika aletewe Marko kwa sababu anamfaa (2 Timotheo 4:11). Kuhama jumuiya kunaruhusiwa. Ukihama, kamilisha michango uliyoahidi, rudisha sare na vitabu, omba barua ya utambulisho kwa usharika au parokia yako, na ukifika huko uendako wakikuuliza kwa nini umehama, sema umehamia tu.